Gonga Kwanza, Ndipo Utandaze

Siku mliponiaga pale karakana yetu ya Gerezani, mmoja wenu alisimama akasema, "Mzee Damiani, usituondokee na maneno yote kichwani, tuandikie." Wengine mkacheka, kwa sababu mnajua kwamba maneno yaliyo kichwani mwangu mengi ni ya hofu. Mke wangu ananiita Bwana Wasiwasi, na wajukuu wamemsikia. Sikatai. Wahenga walisema wasiwasi ndiyo akili, ingawa hawakusema kama inamwachia mtu usingizi.

Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na mshahara tuuache ulale. Nitawaambia nilivyoanza, nani alinifunza, na siku moja ya msiba pale Kariakoo ambayo mpaka leo nikisikia mwanamke anatwanga kitu jirani, moyo unanipiga.

Kazi yetu haina jina la kujivunia. Ukimwambia mtu wewe ni fundi wa nyua, anafikiri unafunga makuti kwenye miti. Lakini ninyi mnajua. Mtu ana sehemu nyuma ya nyumba, imejaa matope, matairi na kuku, naye anataka pawe mahali pa kukaa: pa kupikia, pa kuanikia, pa kupumzikia jioni na wageni wake. Sisi tunapanga, tunasawazisha, tunatandaza vitofali vya pevingi, tunaweka kivuli na mifereji, kisha kila mwaka tunarudi kuangalia. Ninyi wa siku hizi mnapenda hatua ya kutandaza, kwa sababu ndiyo inayopigwa picha. Mimi nimezeekea hatua ya kabla yake.

Nilikuja mjini kutoka upande wa Masasi, kijana mwenye nguvu na viatu vya kuazima. Mjomba wangu alinikabidhi kwa Mzee Nangumbi, fundi wa Lindi aliyekuwa ametengeneza nyua za Kariakoo kabla hata pevingi hazijaja, enzi za mawe na sakafu ya saruji. Asubuhi ya kwanza nilifika na koleo begani, nikitaka aone misuli. Akaniambia, "Weka chini hiyo, kaa." Tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, kwenye ua wa watu, tukiangalia wanawake wakifanya shughuli zao. Nilidhani nimepelekwa kwa mzee mvivu. Ilipofika alasiri akaniuliza, "Jua la saa ya kupika linampiga nani mgongoni? Maji ya kufulia wanayamwaga wapi? Mtoto akikimbia anajikwaa wapi?" Sikuwa na jibu hata moja. "Basi kesho tutakaa tena," akasema.

Siku iliyofuata, tulipokwisha kukaa, alichukua mtaimbo, kile chuma kirefu kizito, akaanza kuugonga ardhini kutoka ukuta hadi ukuta. Hakupiga kwa nguvu. Aliuinua kidogo na kuuachia, akiwa ameinamisha kichwa. Ardhi ikijibu kwa sauti nzito, fupi, alipita. Pembeni kidogo ya bafu sauti ikabadilika, ikawa na mwangwi. Akaniita nisikilize.

"Hapa Kariakoo," alisema, "usidhani wewe ndiye wa kwanza kuchimba." Akanieleza kwamba nyumba hizi za Kiswahili, zile zenye korido katikati na vyumba pande zote, kila moja ilikuwa na shimo la choo uani. Shimo likijaa, wenyewe walichimba jingine pembeni, na lile la zamani wakalifunika kwa magogo ya mikoko, wakamwaga udongo juu. Miaka ikapita. Aliyejua akafa, mpangaji akahama, nyumba ikauzwa. Magogo yanaoza, na udongo wa juu unabaki umeshikana kwa mazoea tu. Ndipo mtu kama mimi anakuja na lori la mchanga na vitofali kuuremba ua.

Kisha akanipa sheria ambayo nimeishika kuliko katekisimu yangu. Mwenye nyumba aliuliza, "Fundi, hapana neno?" Nikawahi kujibu, "Hapana neno, mama." Mzee Nangumbi akanivuta pembeni. "Fundi wa ua hasemi hapana neno," akaninong'oneza kwa hasira. "Hilo ni neno la dalali. Wewe huoni chini. Sema tumegonga. Hilo ndilo unalolijua." Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mteja hapana neno. Wengi waliniona mtu wa nuksi, na wateja kadhaa walimtafuta fundi mwingine mwenye uso wa furaha.

Kazi ilinipeleka sehemu nyingi. Upanga nilifanya ua wa familia moja ya Kihindi, nyuma ya nyumba ya zamani yenye madirisha mapana. Kijana wa nyumba alitaka pawe pa kisasa: jiko la kuchomea nyama, viti vya saruji, taa. Katikati kabisa ya ramani yake kulikuwa na kijukwaa chenye mche wa tulsi, ule mrehani mtakatifu wa Wahindi, ambao mama yake, Mama Hansa, aliumwagilia maji kila alfajiri na kuuombea. Kijana alininong'oneza niuhamishe mama akiwa hekaluni. Nilikosa raha wiki nzima. Mwishowe nilimfuata Mama Hansa mwenyewe, nikamuuliza kama jua la asubuhi linampendeza hapo anaposimama. Akanigeukia. "Fundi, nani amesema mimi natoka hapa?" Nikamjibu kwamba hakuna aliyesema, na kwamba mimi nauliza tu ili nijue vitofali vianzie wapi. Nilivitandaza kwa duara kuuzunguka mche, jiko la nyama likaenda kona ya mbali ambako upepo hauleti moshi kwake, na kijana akawaambia wageni kwamba duara lilikuwa wazo lake. Nilimwacha. Lakini kila nilipokwenda kukagua, niliuangalia kwanza ule mche, nikiogopa kukuta umekauka na lawama imekuwa yangu.

Niwape na machache ya matunzo, maana ua ni kama meno, usipoushughulikia unakuumbua mbele za watu. Mchanga wa kwenye viungo vya vitofali msiufagie. Huo ndio unaovishika visicheze. Kila kabla ya masika ongezeni mpya, msugue kwa ufagio mkavu. Mafuta ya kukaangia yakimwagika, mwagieni majivu hapo hapo. Mwarobaini msipande karibu na mifereji, kwa sababu mizizi yake inatafuta maji na itayapata. Na mteremko, jamani, mteremko. Pimeni kwa ule mpira mwembamba wenye maji ndani, macho yanadanganya. Maji yote ya uani lazima yawe na njia moja inayojulikana ya kutoka, na muijue hiyo njia inaishia wapi, ili siku yoyote mkipita mtazame mdomo wake. Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike.

Bi Tatu alikuwa na nyumba Kariakoo, upande wa kuelekea Msimbazi. Alizaliwa humo na mdogo wake, Mwanahawa, na baada ya kufiwa na mumewe akaishi humo na binti yake Zuhura na wapangaji. Nilipoitwa mara ya kwanza ua wake ulikuwa tope na mawe ya kurukia. Nilikaa, nikagonga. Karibu na ukuta wa jirani nikakuta shimo la zamani, nikalifukua, nikalijaza kifusi na kukishindilia tabaka kwa tabaka, nikamwaga jamvi la zege juu. Kisha nikatandaza vitofali, nikajenga kibaraza cha kukalia, nikamwekea paa la bati la kupikia na sehemu ya vyungu vya asumini. Maji yote niliyaelekeza kwenye bomba moja lililopita chini ya korido na kutokea mbele ya nyumba, kwenye mtaro wa barabarani.

Ua ule niliupenda, niseme ukweli. Jioni ukiingia unakuta wanawake wamekaa kibarazani, mmoja anasukwa, mwingine anachambua mchele, asumini inanukia. Bi Tatu alinipokea kwa chai na masihara. "Karibu, Bwana Wasiwasi. Njoo uitishe ardhi yangu." Nami niligonga kila kona mbele yake, na yeye alikaa akisikiliza, akinitania: "Leo inasemaje? Imeomba talaka?"

Alikuwa na sababu ya kunitania. Masika moja nilisikia sauti ya uwazi karibu na bafu, nikawatoa wapangaji wote uani na vyombo vyao, mvua inanyesha. Nilipofukua, nikakuta njia ya panya buku. Panya mwenyewe akatoka akanitazama. Mtaa mzima ulisikia, na kwa muda mrefu wauza kahawa walikuwa wakiniuliza habari za mgonjwa wangu.

Halafu kiwanja cha jirani kikauzwa. Mnaijua Kariakoo ilivyo sasa: nyumba ya Kiswahili inavunjwa leo, kesho mashine ya kijiko inachimba, na kabla hujazoea vumbi kuna ghorofa lenye maduka chini. Hawa walichimba kwenda chini sana, hadi kando kabisa ya ukuta wa Bi Tatu. Nilikwenda kumwona injinia wao. Alikuwa kijana mwenye adabu, akanisikiliza, akakubali hofu yangu ina msingi, akaongeza mihimili ya kushikilia udongo. Mihimili ilishika vizuri. Kisha kazi ikasimama kwa mambo yao wenyewe, na shimo likabaki wazi, maji ya kijani chini yake.

Nilimwomba Bi Tatu asitumie upande ule wa ua. Akasema, "Fundi, nimejifungulia nyumba hii. Nihamie pembe gani?" Basi nikawa napita kila nilipokuwa na safari ya upande huo, hata bila kuitwa. Nilitazama mstari wa vitofali kando ya ukuta, ule nilioupiga kwa kamba. Ulikuwa umenyooka. Nikirudi nyumbani nilijiuliza kama nimeutazama vizuri.

Mwanahawa akafariki. Aliugua kwa muda mfupi huko kwa mumewe, Mzee Kassimu, na ikaamuliwa msiba uwe kwa dada yake, nyumbani walikozaliwa. Mimi ni Mkristo, lakini misiba ya Kariakoo haiulizi. Nilifika asubuhi, nikatoa pole, nikakaa na wanaume mbele ya nyumba, chini ya turubai lililofungwa kukatisha barabara. Wanawake walikuwa uani. Ndivyo ilivyo: sisi barabarani kwenye viti, wao ndani kwenye mikeka, na mwanaume hapiti korido siku hiyo labda awe wa kubeba jeneza. Kutoka nje nilisikia vilio vikipanda na kushuka, sauti za visomo, na katikati yake milio ya masufuria. Walikuwa wengi. Kila baada ya kitambo waliingia wengine na madebe ya maji kichwani.

Nilikaa, na macho yangu, kama kawaida yao, yakaenda kwenye mtaro kutafuta mdomo wa bomba langu.

Ulikuwa mkavu.

Nilijiambia labda bado hawajaanza kuosha vyombo. Nikasubiri. Yakaingia madebe mengine ya maji. Nikasikia kabisa mwanamke anasema, "Mwaga hayo, lete mengine," na maji yakimwagwa, lile shwaa la ndoo nzima. Nikahesabu pumzi zangu nikitazama bomba. Hata tone. Nikainama nikaingiza kidole. Vumbi.

Mzee mmoja akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nikasema ndiyo.

Sasa nifuateni vizuri. Watu wote wale wanaosha mchele, wanaloweka maharage, wanatawadha, wanasuuza sahani, na maji hayafiki barabarani. Uani hayajai, maana wangekuwa wamepiga kelele. Basi yanakwenda chini. Bomba limekatika mahali fulani, na bomba halikatiki lenyewe. Ardhi iliyolibeba imesogea. Na maji yakiingia kwenye udongo ambao upande wa pili una shimo wazi, hayakai humo. Yanatoka na udongo wake. Hapo hapo nikamkumbuka yule panya.

Nilikuwa bado nabishana na nafsi yangu jeneza lilipotoka. Wanaume wote wakasimama. Mzee Kassimu, mume wa marehemu, akanishika mkono. "Twende, fundi. Twende tukamsitiri." Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Nikamwambia, "Tangulieni. Mimi nabaki kidogo."

"Unabaki?" Hakuelewa. Hakuna mwanaume anayebaki. Mtaa mzima huondoka na jeneza, hata wauza kahawa huacha mabirika yao. "Una nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba bomba ni kavu? Mtu anakwenda kumzika mkewe. "Nina wasiwasi," nikasema. Akaniachia mkono, akanitazama kama mtu asiyenijua, akaenda. Turubai likabaki na viti vitupu na mimi.

Niliingia koridoni mpaka kwenye pazia la mlango wa uani. Nikaligeuzia mgongo, nikapiga hodi. Nikapiga tena. Sauti ya mama mtu mzima ikauliza kwa ukali, "Mwanaume gani huyo? Wenzio wamekwenda kuzika!"

"Ni Damiani, fundi. Namwomba Zuhura."

Zuhura akaja upande wa pili wa pazia. Ndiye aliyekuwa akisimamia jiko. "Shikamoo mjomba. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Zuhura, wangapi wamekaa upande wa ukuta wa jirani?"

"Wamejaa, mjomba. Kivuli kiko huko. Mama mwenyewe kakaa huko."

Nikaeleza habari ya bomba. Akashusha pumzi. "Mjomba, leo? Jamani, leo tena?" Nyuma yake nikasikia minong'ono, na mmoja akasema bila kujificha, "Si yule wa panya?" Wengine waliokuwa wakilia wakaguna. Nilijua nikikosea leo, sitapita tena mtaa ule mchana. Nikajua pia kwamba nikinyamaza na ikawa kweli, sitapita mtaa wowote.

"Mwanangu," nikamwambia, "sikuombi uniamini. Chukua mchi wa kinu. Nenda alipokaa mama, kando ya ukuta. Uinue kidogo, uuachie. Basi. Mimi nitasikiliza hapa."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alitaka niondoke upesi. Nilisikia anaomba njia, "Samahani bibi, samahani," na mikeka ikikunjwa pembe. Nikafumba macho, paji la uso ukutani. Mchi ukashuka. Sauti nzito, fupi, ya ardhi nzima.

"Sogea kulia kwako," nikasema kwa sauti.

Nzito tena. Mtu akacheka, kicheko cha msibani kinachomezwa. Nilianza kutunga maneno ya kuomba radhi.

"Sogea tena. Karibu na vyungu vya asumini."

Mchi ukashuka, na ua ukajibu kama ngoma.

Hata wale waliokuwa wakisoma walinyamaza. Nilifungua mdomo niseme tokeni, lakini Bi Tatu akanitangulia.

"Acha, Zuhura. Usigonge tena. Nimesikia." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini haikutikisika. Miaka yote ile ya chai na masihara, alikuwa akisikiliza kuliko mimi nilivyodhani. "Kina mama, nyanyukeni. Taratibu, msikimbie. Shikeni watoto. Mikeka acheni."

"Twende wapi, dada?"

"Barabarani. Kwenye turubai."

"Tukakae barabarani kama wanaume?"

"Leo tutakaa barabarani kama wanaume."

Wakaanza kutoka. Nilijibana ukutani, uso kwenye chokaa, wakipita nyuma yangu mmoja mmoja, khanga zikinigusa. Wengine walilaani chini chini. Mmoja alinikanyaga, nadhani kwa makusudi. Korido ilikuwa nyembamba na watu hawakuisha. Niliomba sala zote ninazozijua, za kwetu, na nikaongeza zile nilizozisikia kwao. Bi Tatu alipita akiwa ameshikwa mkono na mpangaji wake. Alisimama karibu nami. "Zuhura yuko wapi?" akauliza.

Nilivuta pazia nikaingia.

Zuhura alikuwa ameinama jikoni, anavuta kuni chini ya sufuria kubwa. "Wali utaungua, mjomba, watu watakula nini?" Nikatazama mstari wangu kando ya ukuta. Ule mstari nilioupiga kwa kamba ulikuwa umelegea katikati kama kamba ya nguo yenye shuka mbichi. Nilimshika mkono. Sikumwomba, nilimvuta, hadi khanga yake ikabaki nyuma, na tulikuwa tumeshakanyaga sakafu ya korido ua ulipokwenda.

Haukupiga kishindo. Ulifanya sauti ya mtu anayemeza. Vitofali viliteremka vimeshikana bado, kisha vikaachana, na vyungu vya asumini, kinu na mikeka vikavifuata. Ukuta ukainama polepole upande wa shimo la jirani, ukaenda. Jiko likazama na moto wake, mvuke ukapanda, halafu tukaona mwanga wa kiwanja cha jirani pale ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Zuhura alinikumbatia akalia, nami nikalia, na sikuona aibu.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini waliwakuta wanawake wamekaa chini ya turubai, wamejifunika khanga vichwani, mmoja akiwasomea. Walisimama mbali, hawajui waende wapi. Mzee Kassimu alipelekwa hadi mlango wa uani, akatazama, akarudi. Alinikuta nimekaa kando ya mtaro, karibu na mdomo wa bomba.

"Njiani nilikusema vibaya, fundi," aliniambia. "Nisamehe."

"Nami sikumzika mkeo. Nisamehe."

Alikaa pale chini pamoja nami, na kanzu yake ya mazishi, mpaka magharibi.

Baada ya hapo nilifanya kazi kwa muda bado, lakini sikuwa mtu wa faida sana. Niligonga kila ua hadi wateja wakachoka. Nyumba ya Bi Tatu haikuwa ya kukalia tena. Alihamia Upanga pamoja na Zuhura, kwenye fleti ya juu ghorofani, na kila nilipomtembelea alilalamika kwamba hewa ya huko haina harufu ya mtu. Hakutoka nje kwenye roshani. Alikaa ndani, kiti kimeegemea ukuta, miguu kaiinua juu ya kigoda.

Kazi yangu ya mwisho, kwa hiyo, haikuwa ua. Zuhura aliniita nitengeneze roshani ile. Nikapanga vyungu, nikapandikiza asumini, nikatundika chandarua cha kivuli, nikahakikisha maji yana njia moja ya kutoka, na nikashuka hadi chini kutazama mdomo wake. Ulikuwa na maji. Nilipopanda, Bi Tatu alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, ananingoja. Mguu mmoja ndani, mwingine hajauamua.

"Gonga," akasema.

Nikapiga magoti. Mtaimbo haupandishwi ghorofani, basi nikagonga kwa nyundo ndogo, kona kwa kona. Aliinamisha kichwa akisikiliza, kama alivyokuwa akifanya Mzee Nangumbi. Nilipomaliza akanitazama.

"Fundi. Hapana neno?"

Mngekuwa ninyi mngemwambia hapana neno. Mwanamke mzee, amemzika mdogo wake, amepoteza nyumba aliyozaliwa, anataka kukaa tu apigwe na upepo. Neno lilinifika kwenye ulimi. Nikalirudisha.

"Tumegonga, Bi Tatu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikingoja. Akaweka fimbo pembeni, akatoka, akakaa.